Nani Ameniuliza? Uhakiki wa Istilahi za Dirisha, Dirisha Ibukizi na Picha ya Skrini

Istilahi za Kiswahili za kompyuta zimekwisha kuhakikiwa mara nyingi, lakini karibu daima uhakiki huo umefanyika juu ya meza ya mwanaisimu. Huulizwa kama neno limefuata kanuni za uundaji, kama ni fupi, kama lina ukoo wa Kibantu au limekopwa. Ugomvi wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta uliendeshwa hivyo, na wananchi wakaendelea kusema kompyuta kabla wataalamu hawajamaliza kusemezana. Makala haya yana nia ya kuyatazama maneno matatu tu ya fani hiyo, yaani dirisha, dirisha ibukizi na picha ya skrini, kwa kutumia kigezo kingine. Tunauliza: neno linapomtokea msomaji mbele ya mashine, je, linamsaidia kujua ni nani anayetenda?

Swali hilo hatukulizua sisi. Tulilisikia katika saiba moja mjini Nakuru, ambako mzee aliyeshuka kutoka upande wa Molo alikuwa akijaziwa fomu ya serikali. Kivinjari cha mashine ile kilikuwa kimewekwa katika Kiswahili, jambo ambalo ni nadra katika saiba zetu na ambalo lilitupendeza. Katikati ya kazi kikatokea kidirisha kikaufunika ukurasa, kina swali la mstari mmoja na vitufe viwili, Ghairi na Sawa. Kijana wa saiba akasema, "Mzee, bonyeza Sawa." Mzee akauondoa mkono wake kwenye kipanya. "Sawa ya nini, kijana wangu? Nani ameniuliza?" Kijana akacheka, akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe.

Kwa maoni yetu mzee yule alikuwa amefanya uhakiki ulio bora kuliko mwingi tuliousoma. Kiswahili cha kidirisha kile kilikuwa sanifu kabisa, wala hakuna mwalimu ambaye angelikisahihisha kwa wino mwekundu. Hata hivyo hakikumwambia msomaji kama aliyeuliza ni ofisi ya serikali, au kivinjari, au mtu mwingine asiyejulikana aliyepenyeza swali lake kati ya hao wawili.

Tuanze na neno dirisha, kwa kuwa hilo ndilo lililofanikiwa. Lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako asili yake ni mlango mdogo. Neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo limetokana na lugha ya kale ya Skandinavia, na tafsiri yake ni jicho la upepo. Tofauti hii si ya mapambo. Jicho ni la kutazamia, na mlango, hata ukiwa mdogo, ni wa kupitishia kitu. Wahandisi wa Xerox walioigawa skrini katika visanduku huko Palo Alto, California, katika miaka ya 1970, walikuwa wakimfikiria mtu wa ofisini aliyetandaza karatasi zake mezani, moja juu ya nyingine. Karatasi zile zikaitwa madirisha, na tamathali hiyo ya Kiingereza imechechemea tangu siku hiyo, maana hakuna atazamaye mandhari yoyote kupitia madirisha hayo. Mtu huyatumia kwa kuandika, kuagiza, kulipa na kujibu.

Katika Bonde la Ufa neno hili halikutembea na nyumba za mawe za Lamu wala za Unguja. Nyumba za asili za wenyeji wa huku hazikuwa na madirisha ya kuzungumziwa. Walio wengi walilijua dirisha kwanza kwenye huduma: dirisha la tiketi katika stesheni ya reli, dirisha la posta, dirisha la karani wa mishahara katika shamba la mlowezi, na baadaye dirisha la benki na la hospitali. Hadi leo mtu atakwambia nenda dirisha la tatu, naye hamaanishi ukachungulie nje. Dirisha ni tundu ambalo mbele yake kuna foleni na nyuma yake kuna mtu. Magazeti ya michezo yamelikuza zaidi, yakasema dirisha la usajili limefunguliwa au limefungwa, na kila shabiki anaelewa kwamba huduma fulani inatolewa kwa muda fulani. Kwa hiyo mfasiri wa programu alipoandika dirisha hakukopa tamathali ya Kiingereza, ingawa huenda yeye mwenyewe alidhani anaikopa. Aliangukia tamathali iliyo bora zaidi, ambayo lugha ilikuwa imekwisha kujitengenezea.

Lakini tamathali njema huja na madai yake. Ikiwa dirisha ni mahali pa kuhudumiwa, basi aliye mbele yake ana haki ya kudhani kwamba nyuma yake kuna mhudumu, na kwamba mhudumu huyo anaweza kuulizwa. Mzee wa Molo alikuwa akidai haki hiyo tu.

Kazi ya kuzitafsiri programu kwa Kiswahili ilishika kasi mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikatangaza mwaka huo huo mpango wake wa kuzifanya Windows na Office zizungumze Kiswahili. Kampuni nyingine zikafuata, Google ikiwa mojawapo. Hatuna budi kuwapongeza waliofanya kazi hiyo, kwa maana walilazimika kuunda maelfu ya maneno kwa muda mfupi, mara nyingi wakiwa na orodha ya misemo iliyokatwa vipande pasi na kuonyeshwa mahali kila kipande kitakapokaa. Anayefasiri neno bila kuona skrini yake ni kama anayefasiri mazungumzo ya tamthilia bila kuambiwa msemaji ni nani. Ndipo, kwa maoni yetu, lilipozaliwa dirisha ibukizi.

Tulichunguze umbo lake. Mofimu ya mwisho ni ile tunayoiona katika mpekuzi, mchokozi, mdukizi, mvamizi na king'ang'anizi, yaani umbo la mtendaji mwenye tabia. Sikio la aliyeliunda lilikuwa zuri: alijua kwamba kitu hiki ni cha ukoo wa wachokozi na wadukizi. Lakini mzizi alioutia katika umbo hilo ni ibuka, na ibuka ni kitenzi kisicho na lawama. Kiboko huibuka majini katika Ziwa Naivasha. Uyoga huibuka baada ya mvua. Hakuna aliyemtuma kiboko wala aliyeupanda uyoga. Hivyo neno limevishwa vazi la mtendaji juu ya mwili wa kitenzi kisicho na mtendaji, na matokeo yake ni kwamba dirisha lenyewe ndilo linalobeba hatia. Aliyelifungua haonekani.

Na aliyelifungua yupo. Dirisha la aina hii lililobeba tangazo la biashara liliandikiwa programu na Mmarekani, Ethan Zuckerman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2014 alieleza hadharani jinsi lilivyotokea, akaomba radhi. Mtangazaji mmoja alikuwa amekasirika kuona tangazo lake limekaa juu ya ukurasa wa mambo machafu, na dawa iliyopatikana ikawa kulitenga tangazo katika dirisha lake lenyewe, lisionekane kuwa na uhusiano na ukurasa ule. Msomaji aitazame sababu hiyo kwa makini. Dirisha hili liliundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuficha uhusiano kati ya kinachosemwa na mahali kinaposemewa. Kuliita ibukizi ni kuusaidia ufichaji huo kwa Kiswahili fasaha.

La kushangaza ni kwamba mashine inaijua tofauti ambayo istilahi yetu imeifuta. Kufikia mwaka 2004 vivinjari vilivyotumiwa na wengi, Firefox na Internet Explorer ya Windows XP iliyoboreshwa, vilikuwa vimeanza kuyazuia madirisha haya. Kanuni yake, kwa ufupi, ni hii: dirisha lililofunguliwa kwa sababu mtumiaji amebonyeza kitu hupitishwa, na lile lililofunguliwa na ukurasa wenyewe bila kubonyezwa huzuiwa. Kivinjari, kabla ya kufungua, kinauliza swali la mzee: nani amelitaka dirisha hili? Nacho Kiswahili, ambacho kina fungua, funguka, fungulia, funguliwa na jifungua, kila kimoja kikimweka mtendaji mahali pake, kimekubali neno moja kwa hali zote. Mkulima anayetaka risiti yake ambayo tovuti huitoa katika dirisha la pili huambiwa kwamba madirisha ibukizi yamezuiwa, naye, akiwa amefundishwa kwamba ibukizi ni wezi, hufurahi na kwenda zake bila risiti.

Hali hiyo ilizidi kuwa ngumu na zile zilizoitwa programu tajiri za mtandao. Jina hilo lilitolewa na Macromedia mwaka 2002, nalo lilimaanisha kurasa zinazofanya kazi kama programu kamili, bila kungoja ukurasa mzima kupakiwa upya kila mara. Adobe, iliyoinunua Macromedia mwaka 2005, ikatoa AIR mwaka 2008, na kwa zana hiyo programu ya mtandao iliweza kutoka ndani ya kivinjari na kusimamisha madirisha yake peke yake juu ya skrini, yenye fremu au yasiyo na fremu, kama mwandishi wa programu apendavyo. Tangu hapo dirisha halikuwa tena na ukingo wa kivinjari wa kulitambulisha. Flash, iliyokuwa nguzo ya programu hizo, iliachwa na Adobe mwishoni mwa mwaka 2020, lakini desturi yake imebaki: siku hizi visanduku vingi vya kuuliza huchorwa ndani ya ukurasa wenyewe, na kizuizi cha kivinjari hakivioni hata kidogo.

Miongoni mwa visanduku hivyo kuna aina moja ambayo waandishi wa programu huipenda sana, nayo ni ile isiyomruhusu mtumiaji kugusa kitu chochote kingine hadi aijibu. Hatujapata kuona istilahi ya Kiswahili yake iliyokubalika. Katika saiba zetu hali hiyo inaitwa kukwama. "Kompyuta imekwama," mteja hulalamika, ilhali mashine haikukwama bali inangoja jibu, pengine kutoka katika kidirisha kilichojificha nyuma ya kingine. Mhudumu akifika huzima mashine, na kazi ya saa nzima ikapotea. Kama tungekuwa na neno, na king'ang'anizi lingefaa kabisa wala lisingehitaji kuidhinishwa na baraza lolote, mteja angalijua kwamba anatafuta dirisha la kujibu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wahakiki wa istilahi hupenda kusema kwamba maneno hufuata mambo. Hapa ukosefu wa neno unawagharimu watu fedha, shilingi kwa dakika.

Turudi kwenye mtendaji, kwa maana kuna hali ya tatu ambayo hata kivinjari hakikuifikiria. Huduma ya M-Pesa ya Safaricom ilianza Machi 2007, na baadaye ukaja utaratibu ambao muuzaji huingiza nambari ya simu ya mnunuzi katika mashine yake, na katika simu ya mnunuzi kikatokea kidirisha kinachomtaka aingize namba ya siri. Dirisha hili mnunuzi hakulifungua, wala halikujifungua. Limeitishwa na mwingine aliye mbele yake dukani. Sokoni Nakuru watu husema, "Imekuja?" na mwenye simu hujibu, "Bado haijakuja." Mwalimu wa sarufi atanung'unika kwamba upatanisho ni wa bara. Lakini kitenzi ni sahihi kuliko cha wataalamu. Kinachokuja kimetoka mahali, na mgeni aliyekuja bila kutarajiwa huulizwa ametumwa na nani. Ndiyo maana mtu mwenye busara, kidirisha hicho kinapomjia akiwa nyumbani ambako hanunui kitu, hakijibu.

Wapo watakaosema kwamba tunalidai neno moja kazi ya sentensi nzima. Tunawajibu kwa mfano wa jirani. Katika Baringo kuna mti uitwao mathenge, ulioletwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika miradi ya kuzuia jangwa na kutoa kuni, na ambao tangu hapo umeyafunika malisho. Wataalamu wa mazingira waliuita mmea vamizi. Wailchamus wa kando ya Ziwa Baringo hawakusema kwamba mti umeibuka. Walisema umeletwa, na kwa sababu walikuwa na kitenzi hicho waliweza, katikati ya miaka ya 2000, kuishtaki Serikali mahakamani, wakampeleka na mbuzi aliyepoteza meno awe kielelezo. Neno vamizi peke yake lisingewafikisha huko, lakini angalau linakiri kwamba kuna boma lililoingiliwa. Kwa hiyo tunapendekeza dirisha lisilotakwa liitwe dirisha vamizi, na lile lililofunguliwa kwa kuwa mtumiaji amebonyeza liitwe dirisha la jibu. Ibukizi na libakie kwa viboko.

Sasa tuje kwenye picha ya skrini, ambayo kwayo jambo hili linatoka katika usumbufu na kuingia katika hatari.

Kiunganifu cha umilikaji katika lugha yetu kina maana nyingi. Picha ya mzee yaweza kuwa inayomwonyesha mzee, au anayoimiliki, au aliyoipiga. Katika maisha ya kawaida muktadha hutuondolea shaka. Katika picha ya skrini hautuondolei. Skrini ni kitu kinachoonyesha vitu vingine, na picha yake yaweza kuwa ya mazungumzo ya watu ambao hawakujua kwamba wanapigwa picha, ya ujumbe uliokwisha kufutwa, au ya ujumbe ambao haukuwahi kuandikwa na yeyote isipokuwa aliyeitengeneza picha. Istilahi haituambii ni skrini ya nani, siku gani, wala nini kilichokatwa pembeni. Zaidi ya hayo, neno picha linakuja na heshima ya miaka mingi. Kwa mtu wa kawaida mwenye picha ni mtu aliyekuwapo.

Katika Nakuru jambo hili haliwezi kujadiliwa kwa baridi. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliuawa na kufukuzwa Nakuru na Naivasha, na miongoni mwa vilivyowasha moto ni ujumbe mfupi wa simu uliosambazwa kutoka mkono hadi mkono. Mwezi huo huo Ory Okolloh na wenzake waliianzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za wananchi kwa mtandao na kwa simu na kuziweka katika ramani ya nchi. Aliyebonyeza alama alifunguliwa maelezo ya tukio, mahali na siku yake. Tukiipima kwa kigezo chetu, ile ilikuwa programu ya madirisha ya jibu: hakuna taarifa iliyomrukia msomaji, kila moja aliiendea mwenyewe, na kila moja ilikuwa na mahali pa kurudiwa na kuhakikishwa. Jina lake la Kiswahili lilibeba wajibu huo wote.

Leo taarifa za aina hiyo hutembea kwa picha za skrini katika makundi ya WhatsApp. Ujumbe hukatwa kutoka katika mazungumzo yake, hupigwa picha, hutumwa Njoro, hupigwa picha tena ukiwa umetumwa, hutumwa Eldama Ravine, na hufika bila jina, bila siku, ila na neno picha tu. Asiyejua kusoma vizuri huonyeshwa. "Hii hapa, imepigwa picha." Nani kaipiga? Hapo ndipo mazungumzo hukwama, kwa maana halisi ya kukwama.

Mahakama zetu zimelitambua jambo hili kabla ya wanaistilahi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B kilichoingizwa mwaka 2009, inataka kumbukumbu ya kielektroniki inayoletwa kortini iambatane na hati inayoeleza ilivyotolewa na kwa chombo gani, iliyotiwa sahihi na mtu anayewajibika. Kwa sheria, basi, kinacholetwa ni nakala, nayo haithaminiwi hadi ajulikane aliyeinakili. Kiswahili kina neno hilo na kimelitumia tangu enzi za waandishi wa hati za Kiarabu, ambao walijua vema kwamba mnakili huweza kukosea au kughushi, na ndiyo maana waliandika majina yao mwishoni mwa kazi. Tunapendekeza nakala ya skrini. Msomaji anayepokea nakala atauliza asili iko wapi, hali anayepokea picha haulizi.

Tumekwisha kuambiwa na wenzetu kwamba pendekezo hili limechelewa, kwamba vijana wanasema skrinshoti na hawatarudi nyuma. Huenda ni kweli kwa vijana. Lakini simu zao zinapokataa kunakili ukurasa wa benki, maneno yanayotokea huwaambia kwamba programu yenyewe haijaruhusu jambo hilo. Mfasiri wa maneno hayo aliweza kumtaja mtendaji, bila shaka kwa sababu safari hiyo aliyekataza alitaka ajulikane. Uwezo huo huo ungaliweza kutumika katika kidirisha cha mzee wa Molo. Kingelisema: Tovuti hii inakuuliza kama unataka kuondoka kabla ya kuhifadhi fomu yako. Vitufe vyake vingelikuwa Ondoka na Baki. Mzee angelijibu mwenyewe.